Maboksi ya Mar-a-Lago: mazungumzo na watu wa masijala

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, na nyinyi vijana mliojibana kule nyuma karibu na mlango: shikamooni, na hamjambo.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Mzee, zungumza chochote kuhusu nyaraka, ila tafadhali usitusomee waraka." Nikamjibu kwamba nitazungumzia choo. Alicheka, akadhani ni utani wa wastaafu. Sasa Mwenyekiti, choo chenyewe ni hiki.

Kiko ndani ya Mar-a-Lago, klabu na makazi ya Donald Trump kule Palm Beach, Florida. Kuna sinki, kuna pazia la bafu, juu inaning'inia taa ya vioo ya kifahari, na pembeni ya choo yamepandana maboksi ya karatasi, moja juu ya jingine. Waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani waliiweka picha hiyo ndani ya hati ya mashtaka ya Juni 2023, na hapo kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yao rais aliyetoka madarakani akawa mshtakiwa wa serikali kuu. Kwa mujibu wa hati ile, maboksi yalianzia kwenye jukwaa la ukumbi wa dansi, yakapita chumba cha shughuli za biashara, yakalala chooni, kisha yakaishia stoo. Dunia iliiangalia picha ikacheka. Mimi niliyekaa masijala ya siri miaka ishirini na saba nilijiuliza swali la kizamani: rejista ya kutolea iko wapi, na nani alisaini?

Naomba tuelewane mapema. Kesi ile haikuamuliwa. Hakuna jopo la raia lililokaa likasikiliza ushahidi, na Trump alikana mashtaka yote. Kwa hiyo nikisema "alifanya hivi", mjue ni hati ya mashtaka inayodai, wala msinukuu kwamba mzee fulani amemhukumu mtu. Wengine tulifundishwa kuogopa kuandika dokezo ambalo hatuwezi kulitetea.

Kabla sijaenda Florida, niwape kisa changu. Nilikuwa kijana wa kazi, na bosi wetu mmoja alistaafu. Tulimfanyia sherehe, akapewa saa ya ukutani, akaenda zake. Wiki mbili baadaye nahakiki rafu, nakuta pengo, na ndani ya pengo ile kadi yetu ya kijivu imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe kwamba jalada liko kwake. Tukaandika barua. Tukaandika ya pili. Ya tatu ikaenda na dereva, dereva akarudi na salamu. Mwishowe nikatumwa mimi. Akanikaribisha vizuri, akaniletea chai, jalada akalitoa chini ya rundo la magazeti, lina duara la kikombe kwenye jalada la juu. Akalishika hivi, hakunipa. Akaniuliza: "Kijana, kila dokezo humu ni mwandiko wangu. Usiku mwingine nililala ofisini kwa ajili ya jambo hili. Sasa niambie, jalada hili ni la nani?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tu, "Mzee, mimi nina kadi." Tutarudi kwake.

Swali la yule bosi hata Wamarekani walichelewa kulijibu. George Washington alipomaliza urais mwaka 1797, karatasi zake zilikwenda naye Mount Vernon, na kwa karibu miaka mia mbili iliyofuata ilichukuliwa hivyo: rais anaondoka na karatasi zake kama fundi anavyoondoka na vifaa vyake. Aliyeivunja mila hiyo ni Richard Nixon, bila kukusudia. Alijiuzulu Agosti 1974 akiwa na kanda za sauti za mazungumzo yake ya Ikulu, zile zilizomwangusha, na mwezi uliofuata akafikia makubaliano na ofisa wa serikali ambayo yangeruhusu kanda hizo ziharibiwe baadaye. Bunge la Marekani likashtuka. Desemba mwaka huohuo likapitisha sheria ya kuzizuia, Nixon akaenda mahakamani, na mwaka 1977 Mahakama ya Juu ikamkatalia. Mwaka 1978 ikaja Sheria ya Kumbukumbu za Rais, iliyoanza kutumika kwa karatasi zilizotengenezwa kuanzia Januari 20, 1981. Maneno yake hayana kona: kumbukumbu za urais ni mali ya taifa, na saa ileile rais anapotoka, mkuu wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ndiye mwenye dhamana nazo. Rais anabaki na vya binafsi tu, kama shajara yake na mambo ya familia yake.

Sasa hapa wengi huteleza, hata waandishi wazuri. Sheria hiyo ya 1978 haina adhabu ya jinai ndani yake. Ukiivunja, yenyewe haikupeleki jela. Ni kama kanuni zetu za masijala: zinasema jalada lirudi, hazisemi usiporudisha utakula nini. Trump alipokuwa Ikulu alikuwa na tabia ya kuchana karatasi akishazisoma, na watunza kumbukumbu walikuwa wakiokota vipande wakiviunganisha kwa selotepu. Hifadhi ya Nyaraka yenyewe ilithibitisha kwamba ilipokea karatasi za namna hiyo, nyingine zimeungwa, nyingine bado vipande. Hebu mfikirieni mwenzetu huyo, mtu mwenye shahada, ameinama mezani na selotepu akitafuta kipande chenye nusu ya sahihi. Kwa kuchana kule hakuna aliyeshtakiwa.

Basi mashtaka yalitoka wapi?

Fuateni tarehe, maana kesi hii ni ya tarehe kuliko kitu kingine. Trump aliondoka Ikulu Januari 20, 2021. Mei mwaka huo Hifadhi ya Nyaraka ikaandika kuulizia vitu ilivyojua vimekosekana, zikiwemo barua alizoandikiana na Kim Jong Un wa Korea Kaskazini. Ikabembeleza. Miezi ikapita. Januari 2022 yakaja maboksi 15. Watunza nyaraka wakafungua, wakakuta magazeti, majarida, picha, vipande vya habari, na katikati yake, bila kutengwa, nyaraka zenye mihuri ya siri. Hesabu iliyoingia kwenye hati ya mashtaka ni 197, na 30 kati yake za daraja la juu kabisa, Siri Kuu.

Februari Hifadhi ikalipeleka suala Wizara ya Sheria. Mei 11, 2022 ikatoka samansi, yaani amri ya kisheria, ikimtaka alete kila karatasi yenye muhuri wa siri. Juni 3 maofisa walikwenda Florida, wakakabidhiwa bahasha moja iliyozungushiwa utepe wa gundi, ndani mna nyaraka 38, pamoja na kiapo cha wakili kwamba upekuzi wa makini umefanyika na hakuna kilichobaki. Hati ya mashtaka inadai kwamba kabla wakili mwingine hajaingia stoo kutafuta, msaidizi wa Trump, Walt Nauta, alikuwa ameshatoa humo maboksi yapatayo 64, akarudisha kama 30. Wakili akapekua alichoachiwa.

Agosti 8, FBI, wapelelezi wa serikali kuu, wakaingia na hati ya upekuzi iliyosainiwa na hakimu. Wakatoka na nyaraka nyingine 102 zenye mihuri ya siri, 75 za stoo na 27 za ofisini kwake.

Jumlisheni: 197, 38, 102. Inakuja 337. Sasa angalieni hati ya mashtaka ya kwanza. Kuhodhi nyaraka za ulinzi wa taifa alishtakiwa makosa 31, kila waraka kosa lake, na baadaye likaongezwa la 32. Na zile 197 za mwanzo, alizozirudisha kwa barua baada ya barua, katika hati hiyo ya kwanza hakushtakiwa kwazo. Hata moja. Pamoja na Siri Kuu zote 30 zilizokuwamo. Hilo likae vichwani mwenu, kwa sababu ndilo lililonileta hapa: alichoondoka nacho mwaka 2021 huenda kingesahaulika kama angekirudisha chote Januari 2022. Makosa yote ya kuhodhi yalitokana na karatasi zilizobaki, isipokuwa lile la 32, la waraka ambao waendesha mashtaka walidai aliwaonyesha wageni kule Bedminster, New Jersey, Julai 2021, akiwa amerekodiwa sauti akisema kwamba angali rais angeweza kuuondolea siri, ila sasa hawezi. Waraka huo nao ulirudishwa, ila sauti ilibaki.

Sheria waliyoitumia ni ya zamani, Sheria ya Ujasusi ya 1917, iliyotungwa Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia. Jina lake hutisha na kupotosha. Kifungu chenyewe hakihitaji uwe jasusi, wala uwe umemuuzia mtu kitu. Kinataka mambo yafuatayo yathibitishwe: umekaa na waraka bila idhini, waraka unahusu ulinzi wa taifa, na kwa makusudi umeuhodhi ukaacha kumkabidhi ofisa anayestahili kuupokea. Kila kosa kifungo kisichozidi miaka 10. Mtaona neno "siri" halimo. Mwaka 1917 mfumo wa mihuri wa leo haukuwepo. Mihuri inatokana na amri za marais, ya sasa ni ya Barack Obama ya mwaka 2009, na sheria ya ujasusi haiitegemei. Ndiyo maana Trump aliposema kwenye televisheni kwamba rais anaweza kuziondolea siri nyaraka hata kwa kuwaza tu, wanasheria wengi hawakutoka jasho. Hata ingekuwa kweli, ramani ya shambulio la kijeshi inabaki kuwa ramani ya shambulio la kijeshi. Na siri za silaha za nyuklia zina sheria yao ya mwaka 1954, ambazo rais peke yake hazifuti hata kwa kalamu, seuze kwa mawazo.

Makusudi. Neno hilo ndilo linalobeba mzigo wote. Mtu anahama nyumba, wafanyakazi wanabeba vitu usiku na mchana, karatasi inajichomeka kwenye boksi la vikombe. Hiyo inatokea, nimeiona, nawaambieni imeshatokea hata kwangu. Mwendesha mashtaka atathibitishaje kilichokuwa kichwani mwa mtu? Barua ndiyo inayothibitisha. Ukishaandikiwa, ukajibu, ukaletewa samansi, huwezi tena kusema ulikuwa hujui. Kila barua ile Hifadhi ya Nyaraka iliyoandika kwa adabu mwaka 2021 iligeuka kuwa ushahidi mwaka 2023. Vijana wa masijala, ile nakala ya barua ya kudai jalada mnayoona uvivu kuiweka kwenye faili, iwekeni.

Makosa mengine ndiyo yaliyokuwa mazito kwa miaka: kula njama ya kukwamisha uchunguzi, kuficha nyaraka, kutaka rekodi za kamera za ulinzi zifutwe. Baadhi yake hufika miaka 20. Hilo la kamera lilimwingiza mshtakiwa wa tatu, Carlos De Oliveira, msimamizi wa majengo, Julai 2023, na mashtaka ya Trump yakafika 40.

Kuna kifungu kingine ambacho watu walikishabikia mitandaoni: kinachosema anayeharibu au kuondoa kumbukumbu za serikali afungwe hadi miaka mitatu na azuiwe kushika wadhifa wowote wa serikali. Wakasema, basi, urais amekosa. Haikuwa hivyo. Kwanza hakushtakiwa kwa kifungu hicho. Pili, sifa za kuwa rais wa Marekani zimewekwa na Katiba: awe raia wa kuzaliwa, ametimiza miaka 35, ameishi nchini miaka 14. Wanasheria wengi wanaona Bunge haliwezi kuongeza sharti jingine kwa sheria ya kawaida. Mtu anaweza kugombea urais akiwa na kesi, anaweza kugombea akiwa jela. Mwaka 1920 Eugene Debs aligombea akiwa gerezani, naye alifungwa kwa Sheria ya Ujasusi hiihii.

Mtaniuliza, na Biden je? Swali halali, na anayelikwepa hana nia njema. Novemba 2022 mawakili wa Joe Biden walikuta nyaraka za siri za wakati akiwa makamu wa rais katika ofisi yake ya zamani mjini Washington. Baadaye zikaonekana nyingine nyumbani kwake Wilmington, Delaware, zikiwemo za Afghanistan ndani ya boksi lililochakaa gereji. Gereji na choo, mimi sioni mwenye nafuu. Lakini mawakili wake waliitaarifu Hifadhi ya Nyaraka, na FBI walipotaka kupekua nyumba waliruhusiwa wakashinda humo karibu saa 13. Robert Hur, mwendesha mashtaka maalumu, alitoa ripoti Februari 2024. Wafuasi wa Biden hawapendi kukumbushwa kwamba ripoti ile ilisema upo ushahidi kwamba alihodhi kwa makusudi. Na wafuasi wa Trump hawapendi kukumbushwa kwamba ripoti hiyohiyo ilisema ushahidi huo hautoshi kumtia mtu hatiani pasipo shaka, ikataja pia tofauti kati ya anayerudisha na anayekataa. Mike Pence naye, makamu wa Trump, alikutwa na karibu nyaraka kumi na mbili nyumbani kwake Indiana, akazitoa, Juni 2023 faili lake likafungwa.

Sasa nataka kusema jambo linaloniudhi, na Mwenyekiti atanisamehe kama sauti itapanda.

Wiki mbili tu baada ya hati ya mashtaka ya Trump, mahakama ya Kansas City ilimhukumu mchambuzi wa FBI, mwanamke mfanyakazi wa kawaida, miaka mitatu na miezi kumi gerezani. Alikuwa amepeleka nyumbani nyaraka za siri 386. Mwaka 2019 mfanyakazi wa kampuni iliyofanya kazi na shirika la usalama NSA alipata miaka tisa kwa kujaza siri nyumbani na kwenye gari, bila serikali kuonyesha kwamba alimpa mtu yeyote.

Pandeni ngazi sasa. David Petraeus, jenerali na mkurugenzi wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alimpa mwandishi wa wasifu wake madaftari meusi yenye siri za vita, kisha akawadanganya wapelelezi. Mwaka 2015 alikiri kosa dogo, akapata kifungo cha nje cha miaka miwili na faini ya dola 100,000. Sandy Berger, aliyekuwa mshauri wa usalama wa Bill Clinton, aliingia Hifadhi ya Nyaraka yenyewe, mbele ya wenzetu, akatoka na nakala za siri na nyingine akazikata kwa mkasi. Mwaka 2005: faini ya dola 50,000, kifungo cha nje, saa 100 za kazi za jamii. John Deutch, mkurugenzi mwingine wa CIA, aliweka siri kwenye kompyuta za nyumbani. Clinton akamsamehe saa chache kabla ya kutoka madarakani Januari 2001.

Mnaona rejista inavyosomeka? Kadiri cheo kinavyopanda, ndivyo kifungo kinavyoshuka. Oktoba 2025 John Bolton, aliyekuwa mshauri wa usalama wa Trump na baadaye mkosoaji wake mkubwa, alishtakiwa kule Maryland kwa makosa 18 ya aina hiihii, akakana. Wapo wanaosema ni sheria, wapo wanaosema ni kisasi. Kwa kuwa mkono wa sheria ulikuwa ukichagua miaka yote hiyo, leo mtu akidai haki imetendeka hana mfano wa kuonyesha.

Turudi Florida tumalize. Kesi iliangukia kwa Jaji Aileen Cannon, aliyeteuliwa na Trump mwenyewe mwaka 2020. Kuendesha kesi ya siri mahakamani ni kazi ngumu kwelikweli, sitaki kuifanyia mzaha. Ushahidi wenyewe ndio usiopaswa kuonekana. Zamani washtakiwa walikuwa wakiitishia serikali: ukinipeleka mahakamani nitamwaga kila kitu. Serikali ikawa inaacha kesi. Ndipo ikatungwa sheria ya mwaka 1980 inayompa jaji utaratibu wa kuamua mapema nini kitasomwa wazi, nini kifupishwe, nini kisitoke. Utaratibu huo unakula miezi. Kesi iliyopangwa Mei 20, 2024 ikaahirishwa bila tarehe.

Na katikati ya hayo likatokea jambo ambalo ni nyinyi tu ukumbini humu mtakaolielewa. FBI walipotoa nyaraka za siri kwenye maboksi, waliweka karatasi mahali pake kushika nafasi. Mwaka 2024 upande wa mashtaka ukakiri kwamba katika baadhi ya maboksi mpangilio wa karatasi haukuwa tena ule uliokutwa. Watu wa nje waliona ni udogo. Sisi tunajua mpangilio ni ushahidi: karatasi iliyolala kati ya gazeti la Jumatatu na kadi ya Krismasi inakwambia ilifika lini na nani aliigusa. Utetezi uliling'ang'ania jambo hilo, na mimi ningekuwa wakili wao ningeling'ang'ania vilevile.

Utetezi ulikuwa na hoja nyingi. Ile ya kwamba Sheria ya 1978 ilimruhusu kuziita nyaraka hizo zake binafsi, Jaji Cannon mwenyewe alikataa Aprili 2024 kuifutia kesi. Julai 1 Mahakama ya Juu, kwenye kesi nyingine ya Trump, ikasema rais wa zamani ana kinga kwa matendo rasmi ya urais. Lakini kuhodhi kulidaiwa kutokea baada ya kutoka Ikulu, kwa hiyo kinga hiyo ingepata shida kufika Florida. Kilichoiua kesi ni kitu kingine kabisa. Julai 15, 2024 Jaji Cannon aliifuta kwa kurasa 93, akisema uteuzi wa Jack Smith, mwendesha mashtaka maalumu, ulikiuka Katiba: hakuteuliwa na rais akathibitishwa na Seneti, wala hakuna sheria ya Bunge iliyompa Mwanasheria Mkuu uwezo wa kumteua. Mahakama nyingine zilikuwa zimekubali waendesha mashtaka wa namna hiyo tangu enzi za Nixon. Smith akakata rufaa.

Novemba 5 Trump akashinda uchaguzi. Wizara ya Sheria ya Marekani ina msimamo wa tangu 1973 kwamba rais aliye madarakani hashtakiwi. Novemba 25 Smith akaiondoa rufaa dhidi yake, na Januari 2025 ile dhidi ya Nauta na De Oliveira nayo ikaondolewa. Sehemu ya ripoti ya Smith inayohusu nyaraka, Jaji Cannon akaizuia mwezi huohuo isitoke. Yaani kesi iliyohusu karatasi zilizofichwa ikaacha karatasi iliyofungiwa.

Lile swali la bosi wangu, jalada ni la nani, Marekani ilikwisha lijibu mwaka 1978. Ambalo halikujibiwa ni kitu gani kinampata mkubwa akiambiwa rudisha akasema sitaki. Jopo la raia ndilo lingelijibu, na halikuitwa.

Yule bosi, nisiwaache hewani, alinipa jalada. Nilihesabu palepale barazani, chai ikipoa, folio moja moja, yaani karatasi moja moja kwa namba yake. Ya 14 haikuwamo. Nilimwangalia, naye akaangalia saa yake ya ukutani. Nilirudi ofisini nikaweka karatasi nyeupe mahali pa 14, nikaandika tarehe na sahihi yangu. Hakuna aliyeniuliza kitu, na yeye aliendelea kualikwa kwenye sherehe za ofisi akikaa meza ya mbele.

Mwenyekiti ananionyesha saa, maswali yataanza sasa hivi. Niseme hili moja. Februari 28, 2025 maboksi yaliyochukuliwa na FBI yalipakiwa kwenye ndege ya rais, yakasafiri pamoja naye kurudi Florida. Ikulu ilisema ni mali yake anarudishiwa. Nilikuwa sebuleni, picha zinapita kwenye televisheni, vijana wanayapandisha ngazini moja baada ya jingine, na mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, mbona unanong'ona?" Kumbe nilikuwa nayahesabu.